Kilimia, M67 na wageni wa galaksi: kusoma jamii za nyota kwa rangi na mwangaza

Nyota moja ukiitazama peke yake haikuambii mengi. Utapima rangi yake, utapima mwangaza wake, na bado hutajua kama ina miaka milioni mia moja au bilioni nne, maana nyota ya aina ya Jua hukaa mabilioni ya miaka ikibadilika polepole sana. Umri na asili husomeka ukiziweka pamoja nyota zilizozaliwa pamoja. Hapo ndipo fotometria, yaani kazi ya kupima nuru ya nyota kupitia vichujio vya rangi, inapoanza kulipa.

Mwongozo huu una kazi tatu. Utachora jamii ya nyota changa, ambayo ni Kilimia (waliosoma falaki ya Kiarabu wanakijua kama Thuraya). Utachora jamii ya nyota zilizokwisha kukomaa, fungunyota M67. Mwisho utatafuta nyota ambazo hazikuzaliwa humu katika galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Darubini huhitaji. Laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inatosha, pamoja na bando la makumi machache ya megabaiti na programu ya TOPCAT, ambayo ni ya bure na inaendeshwa na Java. Excel nayo itakufikisha mbali, ila kwenye kazi ya tatu itaanza kuchechemea.

Namba tatu za kuzielewa kwanza

Namba ya kwanza ni mwangaza unaoonekana, unaopimwa kwa mag. Kipimo hiki kimegeuzwa juu chini: nyota angavu ina namba ndogo, hafifu ina namba kubwa. Tofauti ya mag 5 ni sawa na nuru mara 100, kwa hiyo mag 1 ni kama mara 2.5. Wanafunzi hulalamika kila mwaka kwamba kipimo hiki kimetungwa na mtu aliyetaka kuwatesa. Ukweli ni kwamba ni urithi wa Wagiriki wa kale waliozipanga nyota kwa madaraja, daraja la kwanza likiwa la zile angavu kabisa, na hakuna aliyethubutu kulibadilisha.

Ya pili ni rangi. Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya kilipima kila nyota kwa njia tatu: G inayopokea karibu nuru yote kuanzia nanomita 330 hadi 1050, BP ya upande wa bluu, nanomita 330 hadi 680, na RP ya upande wa nyekundu, nanomita 640 hadi 1050. Toa RP kwenye BP, jibu ndilo rangi. Namba ndogo ni bluu na kubwa ni nyekundu. Jua lina takriban 0.82. Sahau alama za bomba la bafuni hotelini: kwa nyota, bluu ndiyo ya moto.

Ya tatu ni paralaksi, yaani jinsi nyota inavyoonekana kuyumba kidogo Dunia inapozunguka Jua. Gaia huitoa kwa milisekunde za tao. Gawanya 1000 kwa paralaksi, unapata umbali kwa parseki, na parseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Kwa namba hii unaweza kuhamisha kila nyota kimahesabu hadi umbali mmoja wa parseki 10 na kupata mwangaza wake halisi:

M = G + 5 × log10 ya paralaksi − 10

Jaribu na nyota ya Kilimia yenye G ya 10.3. Paralaksi ya Kilimia ni takriban 7.36. Logi ya 7.36 ni 0.867, mara tano ni 4.33. Chukua 10.3, ongeza 4.33, toa 10, unabaki na 4.63. Mwangaza halisi wa Jua kwenye G ni karibu 4.67. Maana yake, Jua letu likipelekwa Kilimia lingeonekana kama hiyo nyota ya mag 10, ambayo kwa macho matupu huioni kabisa. Zile sita au saba unazoziona wewe ni majitu ya kundi hilo.

Mag inapatikanaje?

Sehemu hii unaweza kuiruka kama una haraka, ila mimi nisingeiruka. Anayepokea mag zilizokwisha kupikwa bila kujua zilivyopikwa hawezi kujua lini zimeungua.

Tuseme umepiga picha ya anga kwa kamera iliyowekwa juu ya kiegemeo. Nyota haikai kwenye nukta moja ya picha, hutawanyika. Unaizungushia duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 10, ambalo ndani yake kuna pikseli 314, na unajumlisha nuru yote. Umepata 50,000. Lakini anga lenyewe halina giza kamili. Pembeni, mahali pasipo na nyota, kila pikseli ina 20. Kwa hiyo 20 mara 314 ni 6,280, na hiyo ni nuru ya anga, si ya nyota. Itoe, unabaki na 43,720. Logi yake mara −2.5 ni −11.60.

Hiyo −11.60 peke yake haina maana yoyote kwa mtu mwingine, ni lugha ya kamera yako. Tafuta kwenye picha hiyohiyo nyota ambayo mwangaza wake unajulikana, tuseme mag 8.00, uipime kwa duara lilelile. Ikikupa −12.60, tofauti ni 20.60. Ongeza 20.60 kwenye nyota yako: −11.60 inakuwa 9.00. Basi, umefanya fotometria. Ungesahau kutoa nuru ya anga kwenye nyota yako ungepata 8.85, kosa la mag 0.15, na baadaye utaona kwamba makosa ya ukubwa huo yanaweza kukuharibia hadithi nzima.

Ukitaka kujaribu kwa vitendo, Kilimia huwa juu jioni kuanzia Novemba hadi Februari. Kwa aliye Dar es Salaam, kinapokuwa juu kabisa kiko upande wa kaskazini, nyuzi 59 hivi juu ya upeo. Piga picha za faili ghafi, si JPEG, kwa sababu JPEG huchezea nuru ili picha ipendeze, na tumia pikseli za kijani tu.

Hatua ya 1: Pakua Kilimia

Gaia ilirushwa tarehe 19 Desemba 2013, ikapima anga hadi Januari 2025. Toleo la data tutakalotumia, DR3, lilitoka Juni 2022 na lina vyanzo vya nuru karibu bilioni 1.8. Zote ni bure kwa yeyote, awe profesa au mwanafunzi wa kidato cha pili.

Fungua TOPCAT, nenda menyu ya VO, chagua TAP, tafuta huduma ya Gaia, kisha bandika maneno haya:

SELECT source_id, ra, dec, parallax, pmra, pmdec, phot_g_mean_mag, bp_rp
FROM gaiadr3.gaia_source
WHERE ra BETWEEN 54.5 AND 59.0
AND dec BETWEEN 22.1 AND 26.1
AND parallax BETWEEN 6.7 AND 8.0
AND parallax_over_error > 10
AND phot_g_mean_mag < 18

Mistari miwili ya ra na dec, yaani anwani ya nyota angani kwa nyuzi, inaweka fremu kuzunguka Kilimia. Mstari wa paralaksi ndio muhimu zaidi: unasema, nipe zile tu zilizo umbali wa kati ya parseki 125 na 150. Mara yangu ya kwanza niliuacha, nikadhani nitachuja baadaye nyumbani. Ile fremu ndogo ina nyota nyingi mno za nyuma, na nilikaa nikitazama mstari wa upakuaji ukijikokota hadi bando likakata. Usifanye hivyo. Chujia kulekule kwenye seva, pakua kilichobaki.

Mstari unaotaka paralaksi iwe walau mara kumi ya kosa lake nao si urembo. Paralaksi ikiwa na kosa la asilimia 10, mwangaza halisi unayumba kwa mag 0.22. Ukiruhusu zaidi ya hapo, mchoro wako utavimba kama mkate wa mofa.

Hatua ya 2: Nani ni wa ukoo, nani ni mpita njia

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kuchora ni dakika mbili. Kusafisha ndiko kunakotofautisha mchoro unaosema kitu na mchoro wa madoa.

Paralaksi imeondoa nyota za mbele na za nyuma, lakini bado kuna zile ambazo zimejikuta tu umbali huohuo. Zitambue kwa mwendo. Nyota zilizozaliwa pamoja husafiri pamoja. Kolamu za pmra na pmdec zinaonyesha nyota imesogea kiasi gani angani kwa mwaka, kwa milisekunde za tao. Chora pmra kwenye mhimili wa mlalo na pmdec kwenye wa wima.

Utaona nukta zilizotawanyika huku na huko, halafu, mbali na katikati, kishada kimoja kilichobanana karibu na 20 na −45. Hicho ndicho Kilimia. Sihitaji kukuelekeza, jicho litakwenda lenyewe. Katika TOPCAT chagua kifaa cha kuchora eneo kwa mkono, kizungushie kishada hicho, na ukihifadhi kama kikundi kidogo. Ukipenda namba, chukua nyota zilizo ndani ya duara la nusu kipenyo 5 kutoka hapo katikati. Utabaki na mamia ya nyota.

Usibane sana. Wanaoanza hupenda kishada kisafi kama yai, wakakata hadi ndugu wa damu. Nyota zilizo mbilimbili hutikisika kwa sababu ya kuzungukana, na mwendo wake hupotoka kidogo. Ukizikata, unapoteza sehemu ya jamii uliyokuja kuisoma.

Hatua ya 3: Chora rangi dhidi ya mwangaza

Mhimili wa mlalo: bp_rp. Mhimili wa wima: phot_g_mean_mag + 5*log10(parallax) − 10. Kisha geuza mhimili wa wima ili namba ndogo ziwe juu. Kila mtu husahau kugeuza mara ya kwanza.

Unachokiona ni mstari mrefu unaoanza juu kushoto, bluu na angavu, ukiteremka hadi chini kulia, nyekundu na hafifu. Huo ndio safu kuu, na nyota zote zilizomo zinafanya kazi ileile: kuunguza hidrojeni kuwa heli katika kiini. Mchoro wa namna hii una zaidi ya miaka mia, na Kilimia kimo ndani yake tangu mwanzo. Hans Rosenberg alichora nyota za Kilimia mwaka 1910, na Ejnar Hertzsprung akachapisha za Kilimia na za kundi jirani la Hyades mwaka 1911. Wao walikuwa na mabamba ya kioo na dazeni chache za nyota. Wewe una mamia, umekaa kitandani.

Sasa angalia kwa karibu. Juu ya safu kuu, sambamba nayo, kuna mstari wa pili hafifu. Pima umbali kati yake na safu kuu: unafika karibu mag 0.75. Hizo ni nyota pacha ambazo Gaia imeziona kama moja. Nyota mbili zinazolingana hutoa nuru mara mbili bila kubadili rangi, na mara mbili kwa lugha ya mag ni 0.75. Umegundua mapacha bila kuwaona wakitengana.

Mwanafunzi mmoja tuliyekuwa tunachora naye aliweka kidole kwenye kioo, chini kabisa kushoto, kwenye nukta moja iliyojitenga.

“Mwalimu, hii si kosa? Niifute?”

“Rangi yake ngapi?”

“Chini ya sifuri. Na mwangaza halisi karibu 11.”

“Basi ya moto kuliko Jua, lakini hafifu kuliko Jua mara mia kadhaa. Inawezekanaje?”

Akakaa kimya, kisha akasema polepole: “Lazima iwe ndogo sana.”

Ndivyo ilivyo. Ni LB 1497, nyota kibete nyeupe ya Kilimia, mabaki ya nyota iliyokuwa nzito kuliko zote zinazoonekana leo katika kundi hilo, ikamaliza nishati yake mapema na kubaki kiini kitupu chenye ukubwa unaokaribia wa Dunia. Kwa hiyo kabla hujafuta nukta yoyote iliyojitenga, iulize maswali.

Jambo moja la tahadhari: nyota angavu kabisa za Kilimia, kama Alcyone, huenda zisiwemo au zikawa na data mbovu. Gaia ilitengenezwa kwa ajili ya nyota hafifu, na zile angavu za mag 3 au namba ndogo zaidi zinaiwakia macho.

Hatua ya 4: Weka M67 juu yake

Rudia hatua zote kwa fungunyota M67 katika kundinyota la Kaa. Katikati yake ra ni 132.85 na dec ni 11.81. Fremu ya nusu nyuzi kila upande inatosha. Paralaksi ni takriban 1.15, kwa hiyo weka kati ya 0.9 na 1.4. Kishada cha mwendo kitakuwa karibu na −11 na −2.9.

Mabadiliko mawili. Kwanza, ondoa sharti la paralaksi kuwa mara kumi ya kosa lake, maana M67 ni mbali, na nyota zake hafifu zitakatwa zote. Pili, kwa sababu hiyohiyo, usitumie paralaksi ya kila nyota kwenye kanuni. Tumia 1.15 kwa zote, maana zote ziko umbali mmoja kwa hesabu zetu. Kanuni inakuwa rahisi: M ni G toa 9.7. Ukitumia paralaksi ya kila moja, nyota za mag 18 zitatawanyika ovyo, kisha utaanza kutafuta maelezo ya kifizikia kwa kitu ambacho ni kosa la kipimo tu.

Chora michoro miwili kwenye karatasi moja, rangi tofauti. Hapa ndipo mimi hunyamaza na kumwacha mtu atazame. Sehemu ya chini, nyota nyekundu hafifu, makundi mawili yanalaliana karibu kabisa. Ukipanda juu, Kilimia kinaendelea moja kwa moja kwenye bluu. M67 haiendelei. Ikifika karibu na mwangaza halisi wa 3.7 inapinda kulia, inapita kwenye daraja jembamba, kisha inapanda juu kuelekea kwenye majitu mekundu. Karibu na 0.5 kuna fundo dogo la nukta, nyota zinazounguza heli.

Kona hiyo ndiyo saa. Nyota nzito huunguza haraka na kuondoka safu kuu mapema, nyepesi hudumu. Katika M67 zimekwisha kuondoka zote zenye uzito wa zaidi ya mara 1.3 hivi ya Jua. Katika Kilimia bado zipo zenye mara nne au zaidi. Kwa makadirio ya haraka, chukua miaka bilioni 10, ugawanye kwa uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 2.5. Uzito wa 1.3 unakupa bilioni 5 na kidogo, na modeli kamili zinasema karibu bilioni 4. Si mbaya kwa kikokotoo cha simu.

Hatua ya 5: Vumbi

Vumbi kati ya nyota hupunguza nuru na kuifanya nyekundu, kama jua la jioni wakati wa kiangazi. Kwa makundi yetu mawili athari ni ndogo, ndiyo sababu niliyachagua. Wataalamu huandika wekundu huo kama E ya B−V, na kwa yote mawili ni karibu 0.04. Ili kuigeuza kwenye vipimo vya Gaia, zidisha kwa 2.7 upate cha kutoa kwenye G, na kwa 1.3 upate cha kutoa kwenye rangi. Hiyo ni 0.11 na 0.05.

Ukienda kwenye fungunyota lililo kwenye ukanda wa Njia Nyeupe wenyewe, namba hizo zinaweza kuwa mara kumi au ishirini ya hapa, na vumbi halitandazwi sawasawa kama shuka. Usianzie huko.

Hatua ya 6: Linganisha na modeli

Kuna mistari iliyokokotolewa ambayo huonyesha nyota za umri mmoja zinatakiwa kukaa wapi kwenye mchoro. Tovuti ya PARSEC ya watu wa Padova, Italia, hukutolea bure: chagua vichujio vya Gaia, andika umri kwa logi, pakua. Kwa Kilimia jaribu 8.1, ambayo ni kama miaka milioni 125. Kwa M67 jaribu 9.6. Metali zifanane na za Jua. Wanafalaki, kwa taarifa yako, huita metali kila elementi iliyo nzito kuliko heli, hata oksijeni. Usibishane nao.

Mstari utalala vizuri juu na katikati. Chini, kwa nyota changa nyekundu za Kilimia, utaachana na nukta. Usivute mstari kwa nguvu. Nyota hizo zina usumaku mkali na madoa makubwa, na modeli za kawaida hazijayaweka vizuri. Na ukiandika umri, andika “kati ya miaka milioni 100 na 130”. Anayeandika 118.4 ananunua imani ambayo data yake haiwezi kuilipia.

Hatua ya 7: Wageni

Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1944, mwanafalaki Walter Baade alitumia darubini ya mita 2.5 ya Mount Wilson, California, wakati taa za Los Angeles zilikuwa zimepunguzwa kwa sababu ya vita. Katika giza hilo aliweza kutenganisha nyota mojamoja katikati ya galaksi ya Andromeda, akaona kwamba angavu kabisa huko ni nyekundu, wakati kwenye mikono ya galaksi ni bluu. Akazigawa nyota katika Jamii ya I na Jamii ya II. Jamii ya II ni kongwe, zenye metali haba. Hizo ndizo tunazozifuata sasa, ila hapahapa jirani kwetu.

Huwezi kuzijua kwa mahali zilipo, maana zinapita katikati yetu. Zinajulikana kwa mbio. Nyota za kisahani chembamba, yaani tabaka bapa la galaksi ambamo Jua limo, huzunguka galaksi pamoja nasi, hivyo kwetu zinaonekana kwenda taratibu. Zile za pembezoni, yaani za wingu la nyota linalokizunguka kisahani, hazizunguki nasi, kwa hiyo hutupita kwa kasi kubwa. Kasi ya kukatisha anga kwa kilomita kwa sekunde ni 4.74 mara mwendo, gawanya kwa paralaksi. Nyota ya mwendo 60 na paralaksi 1.2 inakupa 237.

Nyota unayoijua: Simaki, ile ya rangi ya chungwa ambayo vitabu vya kimataifa huiita Arcturus. Mwendo wake ni 2,280 kwa mwaka, paralaksi 88.8. Jibu ni karibu 122. Chini ya 40 kwa kawaida ni kisahani chembamba, kati ya 60 na 150 wengi ni wa kisahani kinene (tabaka nene zaidi linalokifunika kile chembamba), zaidi ya 200 ni wa pembezoni. Simaki inatupita kama mtu asiye wa mtaa huu.

Omba hivi:

SELECT parallax, pm, phot_g_mean_mag, bp_rp
FROM gaiadr3.gaia_source
WHERE b > 50
AND parallax > 1
AND parallax_over_error > 20
AND ruwe < 1.4
AND 4.74 * pm / parallax > 200

Sharti la b (nyuzi kutoka kwenye ukanda wa galaksi) zaidi ya 50 linakuweka mbali na vumbi la ukanda wa galaksi. Ruwe ni alama ya ubora: ikizidi 1.4, kipimo kina walakini. Bando likiwa dogo, ongeza mstari unaosema random_index < 400000000, nawe utapata sampuli ya nasibu ya robo hivi ya nyota.

Chora kama hatua ya 3, na paralaksi ya kila nyota. Fanya nukta ziwe ndogo na nyepesi, zisifunikane. Ungetarajia nyota kongwe zote zikae kwenye safu kuu moja. Haiko hivyo. Kuna mbili, sambamba, zimeachana kwa kama mag 0.1 tu ya rangi. Rudi kwenye lile kosa la 0.15 la kusahau nuru ya anga: kosa la ukubwa huo kwenye rangi lingeifuta tofauti hii kabisa.

Toleo la pili la data lilipotoka Aprili 2018, mistari hii miwili ilionekana katika miezi ya kwanza. Ule mwekundu una metali zaidi, ni nyota zilizozaliwa humuhumu kwenye Njia Nyeupe ya zamani kisha zikavurugwa. Ule wa bluu una metali haba, na ni nyota za galaksi nyingine ndogo iliyomezwa na yetu yapata miaka bilioni 10 iliyopita. Timu mbili ziliitambua mwaka huohuo, moja ikaipa jina Gaia-Enceladus na nyingine, kwa umbo la mchoro wake wa kasi, ikaiita Soseji. Sasa wengi huunganisha majina yote mawili, kama mtoto aliyepewa jina na babu wa pande zote.

Ukishaipata, cheza na masharti. Shusha 200 hadi 60, weka kikomo cha juu cha 150, uone mstari wa bluu ukimezwa na mwekundu. Shusha hadi chini ya 40, na nyota changa za bluu zitaanza kujitokeza juu ya kona, zile za aina ya Kilimia ulizoanza nazo. Hapo ongeza random_index ndogo zaidi kabla ya kubonyeza, kwa sababu nyota za kisahani chembamba ni nyingi kweli, na laptopu yako itakushukuru.